Santuri na Yabisi

Katika nyumba yetu ya Barabara ya Tisa, Ngamiani, hapa Tanga, kompyuta yangu ilikuwa haiwashwi. Ilikuwa ikiamshwa, kama anavyoamshwa mzee mwenye cheo, kwa taadhima na bila ya pupa, na mwenye kuiamsha hakuwa na budi kujitafutia shughuli nyingine mpaka atakapoitikiwa. Nikisha kuswali alfajiri nilibonyeza kitufe chake, nikaona taa yake ndogo ikikonyeza, nikasikia ndani yake mngurumo kama wa paka aliyeshiba, ndipo nikavaa kofia yangu na kutoka. Nilikwenda mpaka kwa muuza kahawa penye kona, nikanywa vikombe viwili kwa kipande cha kashata, nikasikiliza habari za waliofariki na za waliooa, nikatoa rai yangu juu ya mambo ambayo hayakunihusu, kisha nikarejea polepole. Na aghalabu niliikuta kompyuta ndiyo kwanza inanionyesha ile picha ya milima ya ugenini ambayo walioiunda waliona kuwa yanifaa kuitazama kila asubuhi. Siku moja mjukuu wangu aliyekuja likizo aliipima kwa saa ya simu yake. Dakika 11 na sekunde 40, tangu kubonyezwa mpaka kukubali kufungua barua. Aliniletea taarifa hiyo kwa uso wa daktari anayemwita kando jamaa ya mgonjwa.

"Babu," akasema, "hii si kompyuta. Hii ni ibada."

Sikumjibu, kwa kuwa mtoto yule hakujua, wala hakuna aliyejua katika ukoo mzima, kwamba dakika zile ndizo zilizokuwa ngome yangu. Nilipostaafu ualimu mwaka 2016 wanangu waliniandalia hafla, wakanipa kompyuta ile kuwa hidaya, nami kwa furaha ya saa ile, na labda kwa wingi wa pilau, nikasimama mbele ya ndugu na majirani nikaahidi kuandika kitabu cha shajara ya ukoo wetu, tangu babu aliyeshuka jahazini mpaka kitukuu wa mwisho, pamoja na majina ya wake, na ugomvi wa mashamba ya minazi, na sababu ya tawi la Pangani kutosemezana na tawi la Moa. Ahadi ni deni, na wadai wangu walikuwa wengi. Kila arusi, kila hitima, kila Idi, alinijia mmoja wao akanishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, kitabu kimefika wapi?" Nami nilishusha pumzi, nikasema, "Kinakwenda, ila kompyuta nayo, unajua tena." Aliyeuliza akatikisa kichwa kwa huruma, maana hakuna mtu asiye na chombo chake cha kukilaumu, tukaachana kwa mapenzi. Udhuru ule ulinisitiri miaka minane bila ya kuchakaa, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya kanzu yangu yoyote.

Ni haki nieleze asili ya uzito ule, maana si kompyuta yote iliyokuwa nzito, bali kiungo kimoja tu, nacho ni diski. Wenzangu wa rika langu watanifahamu mara moja nikisema kwamba diski ya zamani ni santuri. Ndani ya kisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani mna visahani vilivyosuguliwa vikang'aa kuliko kioo, na juu ya visahani mna mkono wenye kichwa, kama ule wa gramafoni, unaokwenda mbele na kurudi nyuma kutafuta mahali pa wimbo. Tofauti ni mbili. Santuri ya baba zetu ilizunguka mara 78 kwa dakika, na diski ya kompyuta yangu ilizunguka mara 5,400 kwa dakika hiyo hiyo, na zipo dada zake za mezani zizungukazo mara 7,200. Tena, sindano ya gramafoni hukwaruza, lakini kichwa cha diski hakigusi kitu. Huelea juu ya upepo uletwao na mzunguko wenyewe, kwa kimo kidogo mno, hata unywele mmoja wa binadamu ukilazwa pale utakuwa kama gogo la mbuyu lililoangukia njia. Watu hustaajabu kuwa chombo hicho huharibika. Mimi hustaajabu kuwa hufanya kazi hata siku moja katika nyumba yenye wajukuu.

Na kila kitu kinapotakiwa, mkono ule sharti usafiri mpaka kwenye duara lake, kisha ungoje sehemu inayotafutwa ipite chini yake. Ukiigawa sekunde moja mafungu mia, safari hiyo hula takriban fungu moja au mawili tu, nayo yaonekana si kitu. Lakini kompyuta inapoamka huhitaji vitu maelfu kwa maelfu, huku kimoja na kule kimoja, hata mkono ukawa mfano wa mtumishi aliyetumwa sokoni mara elfu kwa siku, na kila mara ni kununua kitunguu kimoja.

Hata hivyo sikuidharau kamwe diski ya aina hii, kwa sababu mimi nayo tu marika. Ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM huko California, Marekani, mwaka 1956, ambao ndio mwaka niliozaliwa. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja upana wake inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Na visahani vyote kwa pamoja viliweza kuhifadhi herufi milioni tano, kiasi cha picha moja ya arusi kama simu za leo zinavyoipiga. Katika miaka ile ile ambayo diski imekonda kutoka tani moja hata ikaingia mfukoni, mimi nimekwenda njia ya kinyume.

Basi mwezi wa Machi mwaka 2024, mvua za masika zilipoanza kunukia, pakazuka mlio chumbani. Tik. Tik-tik. Kisha kimya, kisha tena. Mke wangu, ambaye husikia mjusi akimeza mate chumba cha tatu, alisema ni mjusi kafiri, akatwaa ufagio, nami nikatwaa tochi, tukamsaka mjusi yule usiku mmoja nyuma ya kabati na usiku wa pili juu ya dari, tukaua mende watatu ambao hawakuwa na hatia katika shauri lile. Usiku wa tatu nilizima kompyuta ili nipate kusikiliza vizuri, na mjusi akanyamaza papo hapo.

Nilimpigia simu mjukuu wangu. "Babu, usiiwashe tena!" akasema kwa sauti ya kuamrisha ambayo nisingeivumilia kwa baba yake. "Huo ni mlio wa kichwa cha diski. Kinatafuta njia hakiioni, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kadiri unavyoiwasha ndivyo unavyoimaliza. Mpelekee fundi."

Shauri hilo lilikuwa sahihi, na kwa hiyo halikupata kibali barazani. Kinyozi alisema diski itikiswe karibu na sikio, kama anavyofanya mnunuzi wa nazi. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli alisema kila chuma kigongacho hupona kwa kugongwa, na akaniahidi nyundo ya mpira. Lakini aliyetushinda sote ni kijana wa bodaboda, aliyesema kwa yakini kabisa kwamba diski inayogonga hutiwa katika friji upande wa barafu, chuma kikanywea, kilichonasa kikanasuka. Baadaye nimepata kujua kwamba dawa hiyo ni kongwe na imezunguka dunia nzima, na kwamba mafundi wenye diski nyingi mezani huilaani, kwa kuwa diski ikitoka barafuni hutoka jasho, na jasho juu ya visahani vile ni kama mafuriko. Siku ile sikujua. Niliifungua kompyuta kwa bisibisi, nikaitoa diski, nikaifunga katika mfuko wa plastiki uliosalia kabatini tangu kabla ya marufuku ya mwaka 2019, nikailaza katikati ya changu wawili.

Haikupata nusu saa, mke wangu akaja barazani akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, hiki nini ndani ya samaki wangu?"

"Kitabu," nikamwambia, maana ndivyo nilivyokuwa nikifikiri. "Kitabu cha ukoo kimo humo."

Akakitazama, akanitazama mimi. "Kwani kimeanza kuoza?"

Neno hilo halikukaa ndani ya nyumba. Jioni yake lilikuwa limekwisha kuingia katika kundi la ukoo la WhatsApp, likiwa limenenepa njiani, na kufikia isha watu wa Pangani, wa Moa, wa Dar es Salaam na binamu mmoja aliyeko Maskati walikuwa wamearifiwa kwamba kazi ya miaka minane ya mwalimu imo hatarini kupotea. Sijapata kuona ukoo wetu ukishikamana namna ile. Waliokuwa hawasemezani walisemezana. Mchango ukaitishwa, na katika siku nne zikapatikana shilingi 186,000, kwa masharti mawili: kitabu kiokolewe, na mwalimu anunuliwe diski mpya, nzuri, isiyomcheleweshea kazi. Niliposoma sharti la pili nilihisi baridi mgongoni.

Hapo ndipo nilipoingia katika masuala ya kuchagua, maana diski leo ni za namna mbili, na mjukuu wangu alinieleza ya pili kwa simu mpaka salio lake likakatika. Ni ile waiitayo kwa ufupi esesidi, na maana ya jina lake refu ni diski ya hali yabisi. Haina kisahani, haina mkono, haina kinachozunguka. Ndani yake mna vijichumba visivyo na mlango, kwa mabilioni, na umeme husukumizwa ukapenya ukutani ukafungiwa humo. Kilichojaa kina maana yake na kilicho kitupu kina yake, na chombo chaweza kuita chumba chochote bila ya kutuma mtu sokoni. Aliyevumbua kumbukumbu ya namna hiyo ni Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi Toshiba katika miaka ya 1980, na jina lake la Kiingereza lilitokana na mmweko wa kamera, kwa kuwa mwenzake mmoja aliona jinsi yaliyoandikwa yanavyofutwa yote kwa mara moja, akaikumbuka picha. Ila ukuta wa kijichumba huchoka. Kila unapokijaza na kukifuta hulegea kidogo, na katika diski za bei ya watu kama sisi huhimili aghalabu kati ya mara 1,000 na 3,000, kisha umeme huanza kuvuja.

Nilipenda neno yabisi, kwa kuwa ni Kiswahili cha zamani na nililifundisha darasani, nikaandika katika kundi la ukoo kwamba nimo katika kufikiri kama nichukue santuri au yabisi. Nilisahau kwamba watu wa kwetu hulijua neno hilo kwa ugonjwa. Siku ya pili dereva wa basi la Pangani aliniletea kifurushi kutoka kwa dada yangu mkubwa, ndani yake chupa ya mafuta ya nazi yaliyochemshwa kwa majani nisiyoyatambua, pamoja na maagizo kwamba mwenye baridi yabisi asikae mbele ya kompyuta usiku, na ajisugue magoti kuanzia chini kwenda juu. Nilijisugua. Yalinifaa sana.

Kwa shilingi 75,000 au 80,000, niliambiwa, ningepata yabisi ya gigabaiti 256 au santuri ya terabaiti moja, yaani karibu mara nne ya nafasi. Moyoni mwangu nilikuwa na hoja niliyoweza kuitoa hadharani na hoja nisiyoweza. Ya hadharani ni kwamba mtu mwenye akili hanunui kibaba kwa bei ya pishi. Niliitoa mara nyingi, kwa mifano, na kinyozi akaniunga mkono. Ile ya pili nilikuwa nikiizungumza na mto wangu wa kulalia tu, nayo ilikuwa hii: yabisi huamka upesi.

Kati ya hoja hizo mbili ningalikaa mpaka leo, lau kama nisingelikwenda Dar es Salaam arusini. Kariakoo pana maduka ya watu waaminifu, na mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuniandikia mawili ya kuyaendea. Lakini kabla ya kuyafikia nilikutana na kijana mtembezaji, mwenye adabu, aliyeniamkia shikamoo mara mbili, na mkononi mwake alikuwa na yabisi ya nje, nyeusi, imeandikwa terabaiti 16. Bei yake shilingi 45,000. Nikaipima kwa mkono, ikawa nzito, na mimi ni mtu wa zamani, huamini kitu kwa uzito wake. Nikajiona nimewashinda wote, wa santuri na wa yabisi, kwa kununua pishi kumi na sita kwa zaidi kidogo ya nusu ya bei ya kibaba. Laiti ningalijua kwamba yabisi ya kweli ya terabaiti 8, nusu ya ile yangu, bei yake hupita shilingi milioni moja! Lakini hilo ni jambo ambalo mtu hulijua akiisha kurudi Tanga.

Fundi niliyempelekea Tanga nilimfundisha hesabu darasa la sita, na nilipoingia dukani kwake akasimama akaniamkia kwa heshima iliyonikumbusha kwamba katika mtihani wa mwisho nilimpa 23 kati ya 50. Nilimkabidhi kwanza diski mbovu. Akaigeuza, akaisogeza puani.

"Mwalimu, samahani. Mbona hii inanuka samaki?"

Nikamkabidhi hima ile ya pili. Hakuichomeka popote. Aliitikisa, akatabasamu kwa huzuni, akaipasua kwa kisu kidogo kama mtu anayefungua chaza, akanionyesha yaliyomo: kadi moja ya memori, ile ndogo ya simu, na kando yake nati mbili za chuma zilizogandishwa kwa gundi ili mnunuzi asikie uzito. Akanieleza hila yenyewe. Kidude kinachozungumza na kompyuta kimefundishwa uongo mmoja, kuitikia "terabaiti 16" kila kinapoulizwa, hali ndani mna nafasi ya kadi tu. Ukikipa mizigo kitaipokea yote. Kikijaa kitaandika ya leo juu ya ya jana, majina yakabaki yameorodheshwa kama wapangaji katika daftari, na vyumbani hamna mtu. Nati zile ninazo hata sasa. Zimekaza mguu wa meza ninayoandikia, nazo ndizo sehemu pekee ya terabaiti zile iliyopata kushikilia chochote. Katika hesabu niliyoipeleka kwa ukoo niliandika, "Vifaa vya chuma: 45,000."

Kisha fundi, ambaye sasa alikuwa yeye ndiye mwalimu, akanitolea hukumu juu ya santuri na yabisi, na kwa kuwa ndiyo hukumu ya pekee yenye akili niliyoisikia katika mkasa huu wote, nitaitaja kama alivyoitaja. Santuri yangu, alisema, husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde siku ambayo haikuamka na hasira. Yabisi ya kawaida, inayoingia mahali pale pale, husoma 500 na ushei. Zipo nyingine bapa, nyembamba kama kipande cha ubao wa kupigia mstari, zinazopita 3,000, lakini kompyuta yangu haina tundu lake, na kuinunua itakuwa kununua tanga la jahazi kwa ajili ya ngalawa. Yabisi ukiiangusha huiokota ukaendelea na kazi. Santuri ukiiangusha ikiwa inazunguka, utajua wewe na Mola wako. "Ila santuri hufa na wasia," akasema. "Hugonga, hupiga kelele, huzubaa, mwenye masikio akawahi. Yabisi yaweza kulala nzima ikaamka maiti. Tena ukifuta kitu ndani yake usitaraji kukirudisha, maana kompyuta huiambia ivifagie vyumba visivyo na mtu. Wala usiiweke kabatini miaka bila ya umeme, husahau. Basi, mwalimu, yabisi iwe ya kufanyia kazi, na santuri ya nje iwe ghala ya nakala. Usimwamini mmoja peke yake."

Nikamuuliza kuhusu zile kuta zinazochoka. Akaniuliza huandika kiasi gani kwa siku. Nikasema, "Wastani."

"Na betri nayo imekufa kabisa," akaongeza, akiitazama kompyuta yangu kwa chini. "Ukichomoa waya tu inazima. Niibadilishe?"

Sijui ni malaika gani aliyenigusa ulimi saa ile. "Hilo," nikasema, "liache kwanza."

Kuiokoa ile ya zamani kulichukua siku mbili. Aliifungia programu inayosoma kipande kwa kipande, ikakipita kisichosomeka bila ya kubishana nacho na kukirudia mwishoni, na akaikalisha mbele ya feni kama mgonjwa wa homa. Siku ya tatu akapiga simu, si kwangu, bali kwa mke wangu, na nilipofika kutoka msikitini nikaukuta ukoo sebuleni. Dada yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani. Watu wa Moa wawili walikuwapo. Mjukuu wangu alikuwapo, na binamu wa Maskati alikuwapo katika simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Shilingi 26,000 zilizosalia katika mchango, baada ya yabisi ya 75,000 na ujira wa fundi wa 40,000, zilikuwa zimekwisha kugeuka soda na sambusa. Fundi alikuwa amefungua kompyuta juu ya meza ya chakula, akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Tumepata karibu vyote, mwalimu!"

Alionyesha picha za arusi, watu wakapiga vigelegele. Alionyesha nyimbo za taarabu, 1,412, wakacheka wakanisuta kwa upole. Kisha akafungua jalada la kitabu, na ndani yake zikajipanga hati tisa, ambazo majina yake aliyasoma kwa sauti, kwa nia njema kabisa: Kitabu. Kitabu kipya. Kitabu kipya sahihi. Kitabu cha mwisho. Kitabu cha mwisho kabisa. Mengine sikuyasikia. Akafungua ile ya mwisho kabisa, na ukoo ukasogeza viti.

Ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa jina la kitabu na jina langu, kwa herufi za kupendeza sana ambazo kuzichagua kulinichukua, nakumbuka vizuri, mwezi mzima wa mwaka 2017. Wa pili ulikuwa tabaruku, kwa wazazi wangu. Wa tatu ulikuwa shukurani, uliojaa pomoni, nikiwashukuru watu waliokuwapo pale sebuleni, mmoja mmoja, kwa subira yao. Wa nne ulianza kwa maneno "Sura ya Kwanza", na chini yake palikuwa na maneno matatu: "Ukoo wetu ulianza". Hapakuwa na nukta.

Fundi akafungua nyingine. Nne. Akafungua nyingine tena. Nne, herufi tofauti. Chumba kilinyamaza hata nikaisikia feni, na katika kimya kile dada yangu, Mungu amzidishie umri, akanitupia kamba.

"Bila shaka," akasema, "yaliyobaki yalikuwa katika ile sehemu iliyoharibika."

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa ili niikamate kamba hiyo kwa mikono miwili. Lakini fundi akatikisa kichwa, kwa uaminifu ambao sikumfundisha mimi. "Hapana, bibi. Sehemu iliyoharibika ilikuwa ya nyimbo. Zimepotea nyimbo tatu tu." Nilimtazama, naye akanitazama, na nadhani sote wawili tulikuwa tukifikiri juu ya 23 kati ya 50.

Nitayapita yaliyosemwa baada ya hapo. Mtu wa Moa na mtu wa Pangani walitoka pamoja, wakizungumza kama ndugu, na waliyekuwa wakimzungumza ni mimi, kwa hiyo siwezi kusema mchango ule haukuzaa kheri. Mjukuu wangu alibaki. Alitwaa kalamu akapiga hesabu pembezoni mwa gazeti, kurasa nne kwa miaka minane, uzito wake, uchovu wa kuta, akaniwekea mbele yangu jawabu.

"Usiogope, mume mwenzangu," akasema. "Kwa mwendo wako wa kuandika, kuta za diski hii zitafika siku ya parapanda zikiwa mpya."

Santuri ya nje ya kuwekea nakala niliinunua kwa fedha yangu mwenyewe, bila ya kuombwa, nikazinakili humo zile kurasa nne. Na siku ya pili nikaamka alfajiri, nikaswali, nikabonyeza kitufe kwa mazoea. Hapakuwa na mngurumo. Paka alikuwa ameondoka. Nikanyosha mkono kuitwaa kofia yangu msumarini, nikaivaa, nikageuka kwenda mlangoni, na tahamaki kompyuta imekwisha kuamka, imefungua, imeniwekea ukurasa wa nne mbele ya macho, na kale kamstari kadogo kasimama baada ya neno "ulianza", kakikonyeza, kakikonyeza. Sekunde 14. Nilizihesabu tena katika siku zilizofuata, na hazikupata kufika 15.

Nikavua kofia. Nikaketi. Kutoka dirishani nilimwona muuza kahawa akinichungulia kutoka konani, na baada ya siku tatu za namna hiyo alimtuma mtoto kuja kuuliza kama mwalimu ni mgonjwa. Niliandika "Pangani", nikafuta, kwa sababu watu wa Moa wangelikasirika. Niliandika "Moa", nikafuta. Niliandika "zamani sana", nikalitazama neno hilo robo saa nzima, nalo likanitazama, na hapakuwa na mlio wowote chumbani wa kumsingizia mjusi.

Siku ya nne, saa mbili na robo asubuhi, umeme ulikatika mtaa mzima. Feni ikazembea, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya neno, na kompyuta, ambayo betri yake haijapata kubadilishwa, ikazima mara moja mbele yangu kwa adabu kubwa. Nikangoja kidogo, kama inavyompasa mtu mwenye nia ya kazi.

Kisha nikavaa kofia yangu.